Yai la Uzi la Kutundika Ufunguo wa Mwelu

S.L.P. 1187,
Machakos.

Jumatano, 18 Machi 2026

Mpendwa mdogo wangu Pauline,

Nakusalimu kwa moyo wote, wewe na shemeji Jeff. Habari za huko Winnipeg? Theluji imeanza kuwaonea huruma, ama bado? Na goti lako, lile uliloanguka nalo kwenye barafu mwezi wa Januari, limepona? Kazi ya kuwainua wazee kitandani haitaki goti bovu, kwa hivyo usiniambie ni zima kama si zima. Nakujua.

Sisi huku tu wazima. Mama yuko salama pale Kola. Presha imeshuka, mdomo ndio haujashuka. Mvua imenyesha mara tatu na mjomba Reuben ameshapanda ndengu, sasa kazi yake ni kutazama mawingu na kulalamika. Mwelu wako anakula, anasoma, na amerefuka mpaka sketi ya shule inataka kuongezwa pindo. Mimi ndiye sijatulia.

Sijatulia kabisa, Pauline. Tangu ulipotuma tarehe ya ndege ya Mwelu kuja huko nimefua mapazia mara mbili. Nimehamisha kitanda kutoka ukuta huu hadi ule, kisha nikakirudisha. Jana kibandani mteja aliomba kilo ya ndengu nikampimia mbaazi, akaniuliza kama nina homa. Hata barua hii nimeiandika kwa kuinuka na kuketi, na ukiona mwandiko umebadilika hapa na pale ujue nilikuwa nimeenda kuchungulia sufuria isiyo na kitu.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Mimi na Mwelu tunaishi chumba kimoja, na kila neno ninalosema analisikia. Tena siku ile ya mwisho tuligombana. Ulisema namfundisha mtoto kukukimbia, kwa kuwa kila ukipiga anajifungia chooni au anasema ana kazi ya shule. Nikakata simu. Niliumia sana, na haya ya leo siwezi kuyasema kwa simu bila mmoja wetu kukata tena. Kesho nitaituma kwa njia ya haraka ili ikufikie kabla mtoto hajafika.

Basi nikueleze kwanza habari ya yai.

Ulimwandikia Mwelu kwamba huko atakuwa na ufunguo wake mwenyewe wa mlango. Hilo lilimwingia kuliko habari za theluji na shule yenye bwawa. Hapa kwetu ufunguo ni mmoja na unakaa shingoni mwangu. Siku hiyohiyo akaanza kutafuta kitu cha kuuning'iniza huo ufunguo ambao hata hajauona. Akakuta kwenye simu vile vidude vya kufuma kwa kroshia vinavyojazwa pamba, vinaitwa amigurumi, vyakula vidogo vya kutoshea kiganjani, vingine vimewekewa macho na tabasamu. Wenzake walimwambia achague tunda la stroberi. Akakataa, kwamba hajawahi kulila na hawezi kutembea na chakula asichokijua. Alitaka yai boilo, la kuchemsha, lile analouza Ngui langoni pa shule, lililopasuliwa na kutiwa kachumbari. Aliniambia huko hakuna Ngui.

Tukaenda kwa Mwanaasha mwenye duka la nyuzi na vifungo, yule aliyekushonea gauni la kumaliza shule. Amefunga na Idi imekaribia, na habari za mayai saa tisa ya mchana hazikumfurahisha, lakini alitutolea uzi mweupe, kidogo cha njano, vipande vya nyekundu na kijani kwa ajili ya kachumbari, pete ya funguo, na sindano ya kroshia. Akatufundisha pale pale mezani. Unaanza na kitanzi cha mduara, unafuma vijicho sita, yaani mishono sita, ndani yake na kukivuta kikaze. Mzunguko wa pili kila kijicho unakitia viwili, vinakuwa kumi na viwili. Wa tatu unaongeza kimoja kwa kuruka kimoja, vinakuwa kumi na vinane. Baada ya hapo unazunguka tu bila kuongeza, mizunguko minne, ndipo unaanza kupunguza. Pamba inaingia kabla mdomo haujafungwa. Kila mwanzo wa mzunguko unachomeka pini ili ujue ulipotoka.

Nilimwona anasema maneno mengi kwa jambo dogo. Mimi, Pauline, niliyesuka viondo tangu nina miaka saba. Unakumbuka Mama alivyokuwa akisuka huku anatembea kwenda mtoni, kiondo kwapani, mdomo ukisimulia mambo ya watu wa Kola nzima, na mikono ikifanya kazi bila kuulizwa. Hakuna aliyekuwa akihesabu. Kiondo unakitazama na jicho linakuambia kimetosha. Kwa hivyo pini sikuchomeka. Nikafuma huku nampa Mwanaasha habari za soko, nikazunguka, nikazunguka, na nilipoangalia mkononi hakukuwa na yai. Kulikuwa na kiondo cheupe cha kutosha ndimu moja, mdomo wazi. Mikono yangu haikujua kwamba kuna kitu kinachofungwa juu. Mwanaasha na saumu yake alicheka mpaka akafuta machozi na utepe wa kupimia nguo.

Jumapili baada ya kanisa tukaanza upya, tumekaa mlangoni. Mara hii Mwelu ndiye aliyeshika sindano, na mimi nikawa wa kushika uzi na kunyamaza. Alihesabu kwa sauti. Sita. Kumi na mbili. Alipokosea alifumua bila kununa, jambo ambalo hakulipata kwako wala kwangu. Alipofika ile mizunguko minne isiyoongezwa kitu, kazi ikawa nyepesi, kichwa chake kikapata nafasi, na bila kuinua macho akaniuliza:

"Kama huyo wa Kanada ndiye nitaita mama, wewe nitakuita nani?"

Nikamlegezea uzi. Akaendelea kufuma. Akasema, "Ndio maana sitaki kushika simu. Sijui nitaanza na neno gani."

Niliinuka nikaenda kuanua nguo kwenye kamba. Zilikuwa hazijakauka. Nikaziingiza ndani hivyo hivyo mbichi, nikazirudisha nje, nikaanika upya, na yeye ananitazama tu.

Pauline, sikumfundisha kukukimbia. Hilo nalikataa hata leo. Lakini ulipoondoka alikuwa na miaka miwili na nusu, na wiki ya tatu tu, akiwa na homa, aliniita mama. Ningeweza kumsahihisha. Niliitika. Nilijiambia ni mtoto, tena mgonjwa, atakuja kujua mwenyewe. Kisha nikazoea, kisha nikapenda, na mwishowe nikawa nalingojea hilo neno nikitoka sokoni. Wewe ulipopiga nilimwambia "salimia Pauline", kama mtu anayemsalimia rafiki wa kanisani. Anajua ni wewe uliyemzaa, na picha yako iko ukutani, lakini kwa wenzake huwa anakutaja "yule wa simu". Mimi nilisikia, na nikaacha. Jina lako nililikalia miaka saba. Nisamehe.

Niliporudi mlangoni nilimwambia hivi: "Yeye ni mama. Mimi ni mama mkubwa." Akaniuliza kama sitakasirika. Nikamwambia sitakasirika. Hapo nilidanganya kidogo, Mungu ananijua. Kisha nikamwambia ahesabu, tuanze kupunguza, na tukapunguza mpaka kumi na mbili, tukajaza pamba ya ule mto wa zamani, tukafika sita, akavuta uzi na yai likafungika. Alishona mpasuo wa njano na vitone vyekundu na kijani. Limepinda upande mmoja, Pauline, na limekuwa refu kidogo kuliko yai lolote la kuku, lakini ukiliona utajua ni la Ngui. Amelitia pete na kulitundika kwenye zipu ya begi, lingojee ufunguo.

Sasa uone kazi iliyobaki. Tangu Jumapili ananiita mama mkubwa, na kila mara anasahau. Anaanza "Mama", anasimama, anamalizia. Jana alikuwa bafuni, akaita, "Mama, naomba taulo." Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaishika taulo mkononi, nimesimama nje ya mlango, hatua moja. Akaita tena, nikanyamaza. Nikasikia maji yanadondoka, kisha akasema pole pole, "Mama mkubwa, naomba taulo." Nikampa. Halafu nikatoka nikafagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa, na Mwanaasha aliyekuwa akipita aliniuliza napigana na nani.

Nalia ninapoandika haya, sikufichi. Usidhani nakulia ili ubadilishe mawazo. Mtoto ni wako na anapaswa kuja, na mimi mwenyewe ndiye niliyepanga nguo zake, nikazipangua, nikazipanga. Sweta mbili, sare ya kanisa, na ndengu za Reuben kilo moja, kama watamruhusu kupita nazo.

Ukipiga simu Jumamosi yoyote kabla ya safari, usimlazimishe kuishika. Hakukimbii tena. Ameniambia neno lile, mama, anataka kulisema akiwa anakuona.

Kwa hivyo nakuomba jambo moja tu. Siku ya kufika, akitoka na mhudumu wa ndege pale uwanjani na kukuita, itika papo hapo. Usianze kulia kwanza, usigeuke kumwambia Jeff, usingoje asogee ili usikie vizuri. Sauti yake huwa ndogo akiwa na hofu. Mimi nilimnyima jibu nikiwa nyuma ya mlango, ili wewe uitwe. Wewe usimwache arudie mara ya pili.

Mama anakusalimu sana na anasema uvae soksi mbili. Mjomba Reuben anakusalimu, na Mwanaasha pia anasema gauni lile kama bado lipo usilitupe. Nisalimie shemeji Jeff, umwambie Mwelu hapendi kuamshwa kwa kelele.

Mungu aliyekutunza ugenini miaka yote hii afungue mlango wenu siku hiyo na awaweke ndani yake kwa amani, na atulize mikono yangu huku.

Wako akupendaye siku zote,

Ndanu,
mama mkubwa wa Mwelu.