Profesa wa Vitufe Vyeupe

Bertha, acha kila kitu usome hii. Dastan ametuaibisha mbele ya Iringa nzima 😭

Si unajua tangu apewe kuongoza okestra na kwaya zote za chama chetu amekuwa profesa? Leo kwenye tamasha Evarista anataka kuwapa waimbaji do ya kuanzia kwa mdomo kama siku zote, bwana mkubwa akamkatiza: "Huo ushamba uuache Uyole kwenu. Tuna kinanda."

Mbele ya wageni, Bertha!

Haya. Kinanda kikatoa do, kwaya ikaidaka, vayolini na tarumbeta zikaingia.

Mungu wangu, zile kelele!

Kumbe Jumapili kanisani yeye mwenyewe alikipandisha kinanda ufunguo, ukibonyeza do kinatoa re, maana profesa wetu vitufe vyeusi vinamshinda, anaweza vyeupe tu. Akasahau kukirudisha! Kwaya iko juu, okestra iko chini, yeye kafumba macho anapunga fimbo, anatabasamu.

ANATABASAMU.

Okestra ikanyamaza kwa aibu. Evarista akatoka kwenye mstari wa alto, akazima kinanda, akatoa do kwa mdomo. Kwaya ikaimba peke yake mpaka mwisho, ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

Na nani akainama kuyapokea? Profesa!

Tulipotoka akamfokea Evarista: "Siku nyingine usiniingilie."

Ndipo Budeba, yule besi wetu ambaye kwao Igawa ni wafugaji, akamwambia kwa upole kabisa: "Kaka, kwetu ng'ombe wakishaondoka, mtu habaki zizini anapunga fimbo."