Nakosea Makusudi Ili Wanipigie Simu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Ijumaa haijafika, maana nimefanya jambo la kitoto na mimi nina miaka sabini na moja. Nina duka la vitambaa hapa mjini kwetu Minnesota, tulilifungua mimi na marehemu mume wangu, na miaka yote hiyo kila Alhamisi wanawake walikuja kukaa kwenye meza kubwa ya nyuma tukashona mablanketi ya viraka, kahawa inachemka, kila mtu kaja na keki yake, tunasengenya, tunacheka, theluji nje na ijae itakavyo. Basi binti yangu Britta akaliingiza duka kwenye mtandao, na sikatai, limepona, maduka mengine ya barabara hii yamefungwa na sisi tunatuma vitambaa hadi majimbo ambayo sijawahi kuyakanyaga, lakini meza imepelekwa gereji ili rafu zipate nafasi, na mlango wa mbele haufunguliwi tena, na hata Marlys anayekaa ng'ambo ya barabara, ambaye taa ya jikoni kwake naiona nikiwa nimesimama hapa, aliagiza yadi mbili kwa simu yake, kifurushi kikaenda mpaka Minneapolis kupangwa na posta ndipo kikarudi kwake, siku nne. Nilikifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nililia, mshauri.

Sasa kosa langu ni hili. Mwezi wa tisa nilikosea kweli, mama mmoja wa New Mexico, Consuelo, aliagiza buluu nikampelekea kijani, akapiga simu amewaka moto: "Nyie huko mna macho au mmeshonewa vifungo?" Nikaangua kicheko, naye akacheka, tukaongea dakika arobaini, akaniambia blanketi ni la mjukuu wake anayekwenda jeshini na kwamba kila kiraka anakishona akiomba, na mimi tangu mume wangu afariki sijaongea na mtu hivyo. Wiki iliyofuata nikakosea makusudi. Nimeshakosea mara kumi na moja, kwa watu mbalimbali, wengine wanafoka na kukata, wengine wanakaa tunapiga soga, wengine hawapigi kabisa, wanatunyima tu zile nyota za kulisifia duka huko mtandaoni. Britta ameona nyota zimeshuka, akasema, "Mama, ni Twyla. Macho yamemwisha. Ijumaa namwachisha kazi." Twyla ndiye ninayefunga naye vifurushi, na hapa dukani huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Nikaendelea kufunga vifurushi. Jana kaja na miwani mipya, akaniuliza, "Ardis, hebu niambie ukweli, ni mimi kweli?" Nikamwambia, "Sijui, Twyla." Naikumbuka ile meza, mshauri. Nifanyeje?

Ardis

MAMA VERNA ANAJIBU

Wewe Ardis wewe! Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nikatafuta kitambaa cha kufutia macho. Upweke wako naujua. Lakini mwenzio amenunua miwani kwa kosa lako, na ulipoulizwa ana kwa ana ukasema hujui. Hapo hakuna mtandao wa kulaumiwa. Hapo ni wewe.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma gazeti hili, waite Britta na Twyla pamoja, useme, "Ni mimi, na nilifanya makusudi." Usianze na habari za meza, utaonekana unajitetea. Mlipe Twyla miwani yake. Akikununia mwezi mzima, mwache anune, ni haki yake. Wale kumi na mmoja watumie vitambaa walivyoagiza, na barua ya mkono wako.

Britta naye aambiwe. Mwanangu, umeliokoa duka la mama yako, hongera, lakini hukumwuliza anataka kubaki na nini. Ardis, umewahi kumwambia? Nina hakika hukumwambia. Ulisema "sawa mwanangu" ukaanza kuharibu vifurushi! Mwambie unataka meza irudi na mlango wa mbele ufunguliwe kila Alhamisi. Rafu mbili zitasogea, dunia haitaanguka.

Na Marlys. Kifurushi kilizunguka siku nne, sawa, inasikitisha. Ila na wewe unaitazama taa yake kila siku, umevuka barabara mara ngapi? Labda naye anautazama mlango wako uliofungwa na kudhani hutaki watu. Vaa koti, chukua keki, kagonge.

Halafu siku moja, bila kuharibu oda ya mtu, mpigie Consuelo. Atauliza, "Safari hii umekosea nini?" Mwambie hujakosea kitu, unataka tu kujua kijana alifika salama huko jeshini.