Ngazi Tisa za Nyumba Kubwa

Mama yangu,

Kamwene, nakusalimu. Sikuandikii kwa majonzi leo. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hapa Kilolo nzima sioni mtu mwingine wa kumwambia akanisikiliza mpaka mwisho. Wanataka kuuziba mlango wa mbele wa Nyumba Kubwa. Matofali yamekwisha kuchomwa, yamepangwa chini ya ngazi, na fundi mwashi anakuja kesho.

Ngazi hizo unazijua kuliko mtu yeyote. Babu alibeba mawe yake kichwani zamani za Mjerumani, naye alikuwa akituonyesha upara wake na kudai kwamba nywele zake zimejengewa pale. Baadaye akahamia yule Mwingereza wa pareto, ukaajiriwa wewe kumfanyia usafi. Kila asubuhi uliingilia jikoni, ukavuka nyumba nzima na ndoo yako, ukafungua mlango mkubwa kwa ndani, kisha ukaanza kusugua ngazi ya juu na kushuka kinyumenyume, magoti chini, ili usikanyage palipolowa. Mimi nilikuwa nakungoja chini na nguo yako kavu, nikihesabu mpaka tisa. Ukimaliza unazunguka nyuma kurudisha ndoo. Miaka kumi na minne ulitoka kwa mlango ule kila siku ya kazi, mama, na hukuwahi kuuingia hata mara moja.

Kisha Mwingereza akauza shamba akaenda zake, nyumba ikawa ukumbi wa kijiji. Unaikumbuka siku ya kuufungua? Picha ya Malkia wa Waingereza, yule kijana, ilitundikwa juu ya meko ya ukumbini, mabenchi yaliazimwa misheni, pombe ya ulanzi ilikuwa ya kumwaga. Jumbe alisimama kwenye ngazi akapaza sauti: "Kuanzia leo nyumba hii ni yetu sote!" Tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Halafu akashuka, akawapisha wageni kutoka boma wapite mbele, na yeye mwenyewe akazunguka kuelekea jikoni. Kijiji kizima kikamfuata, mmoja nyuma ya mwingine. Hakuna aliyewaamuru! Mpaka leo nikikumbuka natamani kupiga kelele.

Nilikushika mkono. "Mama, twende tupite mbele."

"Niache. Nimeziosha jana, nitazikanyagaje?"

"Si zimeoshwa ili tuzikanyage?"

"Miguu yangu ina tope, mwanangu. Nenda wewe mwenye viatu."

Nikaenda. Nilikuwa na viatu vya shule ya misheni na kichwa kikubwa kuliko viatu. Nilipanda peke yangu, nikakaa benchi la kwanza karibu na wageni. Nilipogeuka nikakuona kwenye mlango wa jikoni umeshika sinia la vikombe, siku ambayo hukuwa mtumishi wa mtu yeyote. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Jioni nyumbani nikakuambia kwamba watu kama wewe ndio mnaotuchelewesha. Ulisonga ugali, ukanisogezea na kipande chako cha nyama. Kipupwe kilichofuata kifua kikakuchukua, na mimi nilikuwa sijakuomba radhi, kwa kuwa nilijiona bado nina haki.

Tangu siku ile hakuna kilichobadilika. Harusi zinapita jikoni, vikao vinapita jikoni, hata wanawake ninaowafundisha kushona wanainama chini ya dari lile lenye masizi wakikohoa moshi. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua. Sasa kamati ya ukumbi imeamua kwamba kazi yake ni kuingiza upepo tu, heri uzibwe, na pale papatikane mahali pa kuweka jukwaa la jumbe.

Juzi kikaoni nikasimama. Nilisema kwa ukali, mama, hukunilea hivyo. Niliwaambia kwamba wazee wetu waliyabeba mawe yale kwa vichwa vyao, na tukiuziba mlango huo tutakuwa tumekubali kwamba nyumba haijawa yetu bado. Nikadhani nimewapata. Ndipo akainuka yule mzee fundi cherehani, mpole kama kawaida yake.

"Mwalimu, kamwene. Mlango huo nani anautumia?"

"Tungeutumia sote."

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Na leo umepita wapi?"

Nilikuwa nimepita jikoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, mzito, umetoboa hata bitana ya mfuko. Nimekabidhiwa tangu mwaka juzi, na kila siku ninapofika miguu inakata kona yenyewe kuelekea nyuma, wala siiulizi. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo nimekununia muda wote huu kwa jambo ninalolifanya mwenyewe, tena na viatu miguuni. Nisamehe, mama. Nilipaswa kukuambia ungali hai, pale kwenye moto, kabla hujanipa nyama yako.

Leo asubuhi mvua ilikuwa imenyesha. Nilivua viatu nikaviacha juu ya yale matofali, nikapanda kwa miguu mitupu yenye tope. Ufunguo ulikataa mara mbili. Mlango nikausukuma kwa bega mpaka ukalalamika ukafunguka, nikaingia. Ukumbi ulikuwa baridi na mtupu. Nilipogeuka nikaziona nyayo zangu, nyekundu, ngazi zote tisa, na mkono wangu ukaenda wenyewe kutafuta ndoo ya usafi iliyokaa pembeni. Niliishika. Kisha nikairudisha mahali pake.

Mlango nimeuacha wazi. Wanawake wa kushona nimewaambia leo tunaingilia mbele. Wengi wameangalia chini, mmoja amesema atajaribu. Sijui kama fundi mwashi ataacha au atajenga. Ila ngazi sijaziosha, na sitaziosha. Najua inakuwasha mikono huko uliko. Vumilia, mama, usizisugue, mpaka kesho wanaume wa kamati waje waone kwamba kuna mtu amepita.

Ni mimi, kitindamimba wako, mwenye miguu ya tope.