Kiraka Ndani ya Koti la Kiprono

Baba,

Ami Hamisi bado anakalia kiti chako, lakini ameacha kuzungumza habari ya kufunga duka. Nimeona nikueleze ilivyotokea, kwa sababu wewe mwenyewe umo ndani yake.

Ulipotutoka, wateja walikuja kunipa pole, kisha wakachukua matandiko yao ya farasi na mikanda yao, hata zile kazi ulizoziacha nusu. Hakuna aliyeuliza kama mimi naweza kuzimaliza. Miaka tisa nimekaa kando yako nikivuta uzi, na wao waliona nakuletea chai tu. Ami akasema, kwa upole, kwamba mwisho wa mwezi atatafuta mtu wa kununua vifaa vyako. Nikaendelea kupaka uzi nta.

Wiki ya mvua kubwa akaja Kiprono, yule dereva wa lori anayeleta mbao kutoka Timboroa. Alikuwa na lile koti lake la ngozi ya kondoo, manyoya kwa ndani, alilorudi nalo kutoka vitani. Habari zako hakuwa amezisikia. Alipoambiwa alivua kofia, akasimama mlangoni maji yakimdondoka. Halafu akaliweka koti mezani. Lilisimama lenyewe, gumu kama bati.

"Lilinyeshewa huko juu, nikalikausha na moto," akasema. "Najua nimekosa. Lakini mlango ya lori haifungi, na bila hii koti siwezi kuendesha. Mikono inakufa kwa usukani."

Ami akawa anataka kumwelekeza kwa fundi mwingine. Nikasema, "Niachie siku nne." Sikujua nitasema hivyo mpaka niliposikia sauti yangu.

Nililifuta vumbi, nikalifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Kisha nikapasha yale mafuta ya kwato za ng'ombe uliyoyachemsha mwenyewe, chupa ya mwisho, nikayachanganya na nta kidogo, nikawa nayapaka kwa kiganja, kidogo kidogo, kivulini. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ngozi ilikunywa na haikulegea. Nililia kidogo, nisikufiche.

Siku ya pili, adhuhuri, kiwiko kikakunjika. Baba, kilikunjika bila kupasuka, polepole, kama mtu aliyelalia mkono wake anapoanza kuuhisi tena. Nilishtuka, nikakikunja tena. Nilikuwa nimekuona ukilegeza ngozi hivyo mara nyingi sana, na uso wako haukubadilika hata siku moja. Sasa nafikiri na wewe ulikuwa ukishtuka kila mara.

Kwapa la kushoto lilikuwa limeachia mshono. Nikafumua ili nitie kiraka kwa ndani, nikakuta kiraka kipo. Koti hilo nilikuwa nimelipapasa siku mbili na vidole vyangu havikukihisi. Kingo zake zilikuwa zimepunguzwa mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Uzi ulipita katika matundu yale yale ya zamani, hakuna hata tundu moja jipya, na manyoya ya pembeni yalichanwa yakakifunika. Nilijua ni mkono wa nani. Kisha nikaiona rangi. Ngozi nyekundu ya mbuzi, yenye nukta tatu tatu.

Mkoba wa Babu, aliokuja nao kutoka pwani. Kifuniko chake kilipotea mwaka ule askari walipokuwa wakirudi, ukatuambia panya wamekila. Mama aliwatega panya hao mwezi mzima.

Nilimwita Ami. Alipitisha kidole pale, akarudia tena, taratibu. Ulikuwa mkoba wa baba yake pia. Akasema tu, "Huyu bwana," akageuka kutazama barabarani.

Kiraka chako kilikuwa kizima. Uzi tu ndio uliochoka. Nikapitisha uzi mpya katika matundu yako, na mara nyingine nilihisi sindano inaijua njia kuliko mimi. Sijawahi kuogopa kazi namna ile, wala kuipenda namna ile.

Kiprono alipokuja nilimwonyesha ile ngozi nyekundu kabla sijafunga mshono wa mwisho. Aliinama akaitazama kwa karibu. Kisha akasema, "Aliniambia amepata kipande mahali. Ngozi nzuri haikuwako siku hizo." Alilivaa, akainua mikono kama ameshika usukani, akakata kulia, akakata kushoto. Koti likamfuata.

"Huyu ni fundi yule yule," akasema.

Ami akamjibu kutoka kwenye kiti chako, "Fundi ni huyu hapa." Akanionyesha mimi.

Wiki iliyofuata Kiprono alipita na mbao, mvua imempiga njia nzima, akafungua vifungo ili tuone shati lake kavu. Tangu hapo wamekuja madereva wawili, na mtu mmoja kutoka Bahati ameniletea hatamu za punda. Ni kazi chafu, ngozi imeoza kwa jasho. Ipo mezani sasa hivi ninapoandika.

Baba, sikukujua kikamilifu. Nilidhani nimekujua, na sasa kila kitu cha zamani kikiingia dukani nakifungua taratibu, nikitafuta mkono wako.

Nakuahidi hivi: hakuna kazi itakayotoka hapa ambayo ningeona haya mtu akiifumua miaka ishirini baadaye na kuitazama ndani. Mungu akulaze pema. Ijumaa tutakuja kukuombea dua.

Mwanao,
Zuhura