Mama, Mtaro Wako Niliufukia Mimi

Mpendwa Mama,

Mwanao ameniomba nikuandikie jambo ambalo yeye ameshindwa kukwambia. Nitalifikia. Kwanza kuna la kwangu mwenyewe, ambalo nimekaa nalo tangu mvua zilipokatika.

Unakumbuka siku uliyofika Kasokola kutoka Ikola? Ziwa lilikuwa limeshachukua nyumba yako, nawe ulishuka kwenye gari na begi moja na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Nilikuletea kiti, hukukaa. Ulizunguka ua mzima, ukasimama nyuma ya jiko, ukamuuliza mwanao maji ya hapa hupita wapi. Alicheka, akakwambia huku hakuna ziwa.

"Sijauliza ziwa," ulimjibu. "Nimeuliza maji."

Sikufichi, Mama, nilichukia. Niliona umekuja kuikagua nyumba yangu. Wiki hiyo hiyo ukashika jembe na kuanza kuchimba mtaro kutoka nyuma ya jiko kuelekea korongoni, mpaka mwanao, Baba Neema, akaona aibu akakupokea. Ukakataa magunia ya mahindi yakae sakafuni. Ukayafungia chanja ya miti kama zile mlizokuwa mkianikia dagaa kule ziwani. Ndani ya ile ndoo ukaweka vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, karatasi za shamba, tochi, na kiberiti ulichokifunga kwenye mfuko wa nailoni. Siku niliyotaka kuitumia kuchotea maji ulininyang'anya.

Kilichonikera kuliko vyote ni zile safari za Jumamosi. Ukimaliza kufua kwenye lile jiwe la nyuma ya jiko unawaita wajukuu zako: Neema, ambaye sasa yuko darasa la sita, Elia mdogo wake, na Rehema aliyekuwa bado wa kubebwa. Mnapanda hadi kanisani kule juu, ndoo ikiwa kichwani kwa Neema, halafu mnarudi. Majirani wakawa wananiuliza kama kuna ibada. Nilikwambia watu wanatucheka. Ukasema waache wacheke, watoto wanajifunza njia.

Ulinieleza mara moja tu, siku tuliyokuwa tunapukuchua mahindi kibarazani. Ulisema ziwa halikuja kwa kelele. Kila asubuhi ulilikuta limesogea hatua moja kuelekea mlangoni, nawe ukawa unamsubiri shemeji yako mkubwa aje aamue kama mhame. Alipofika, ukuta wa chumba ulikuwa umeshalala majini na vyeti vya marehemu baba mkwe vimeoza vyote. Uliyasema hayo bila kuinua macho. Mimi nikakuongezea mahindi kwenye ungo. Leo ningekushika mkono.

Kiangazi kile presha ikakuchukua. Matanga yalipokwisha, nilianza kumwaga majivu na takataka za ua kwenye mtaro wako. Siku ya kwanza sikukusudia kuufukia. Lakini ulijaa, udongo wake ukawa mzuri, nikapanda matembele. Yakastawi, nikajisifu. Redioni walitangaza kwamba msimu huu mvua zitazidi kawaida, watu wa mabondeni wajihadhari. Niliyasikia hayo nikiwa nachuma mboga.

Siku yenyewe Baba Neema alikuwa Mpanda mjini. Mimi nilikuwa shambani, ng'ambo ya korongo, na watoto walikuwa nyumbani. Mvua ilipiga milimani tangu asubuhi, kwetu ikafika mchana. Nilipokimbilia korongoni kile kivuko cha miti hakikuwepo tena. Maji yalikuwa mekundu, yanabeba magogo, na upande wa pili niliona bati la jiko letu limelala chini. Niliita watoto mmoja mmoja kwa majina mpaka sauti ikakauka. Nilitaka kuingia. Mama mmoja tunayepakana naye shamba alinishika gauni, akaniambia nikifa hapo sitakuwa nimemwokoa yeyote. Tukazunguka kwa miguu hadi kwenye daraja la barabarani.

Nilipofika nyumbani, jiko halikuwepo. Maji yalikuwa yamekuja moja kwa moja kupitia kwenye matembele, yakala ukuta wa chumba cha watoto, na yale matofali mabichi yameangukia kitanda chao. Nilianza kuyatoa kwa mikono. Nilikuwa bado natoa pale jirani aliponiita kutoka njiani, akasema niache, watoto wako kanisani.

Niliwakuta kwenye benchi la mbele. Rehema alikuwa amelala mgongoni kwa dada yake, Elia amekumbatia ndoo. Nilimuuliza Neema nani aliwaambia waondoke.

"Bibi alisema tusimsubiri mkubwa," akasema. "Maji yakigusa jiwe la kufulia, tuondoke."

Yaligusa, wakaondoka. Kabla ya kuondoka Neema aliwafungulia mbuzi wetu. Mahindi ya kwenye chanja yalilowa magunia ya chini tu, na yaliyobaki makavu ndiyo yaliyotulisha tulipokuwa tumehifadhiwa na majirani.

Baba Neema aliporudi nilimwambia habari ya mtaro. Nilidhani atanifokea.

"Nilikuona ukipanda," akasema. "Na matembele yenyewe nimeyala."

Hatujalizungumza tena, ila nimeona nisikufiche. Nakuomba unisamehe, Mama. Si kwa mtaro peke yake. Ni kwa kukaa na wewe nyumba moja na kukusikia kama kero.

Sasa niseme nililoagizwa. Tunahama. Tumepata kiwanja kule juu, chini kidogo ya kanisa. Msingi ni wa mawe, matofali safari hii ni ya kuchoma, na mtaro umechimbwa kabla ya ukuta kuinuka. Watu wanaotuzunguka wameanza kuchimba ya kwao. Wewe utabaki huku bondeni, nyuma ya migomba, na ndilo lililomshinda mwanao. Mara tatu amekuja kaburini kukuaga, mara tatu amerudi akisema alikuwa anang'oa majani tu.

Fundi alitaka mlango wa mbele utazame barabara, kama nyumba zote za kule. Baba Neema akakataa. Fundi alimuuliza sababu, hakumpa. Mimi nilisimama kizingitini jana jioni nikaiona: ukiwa pale, migomba yote inaonekana, na wewe nyuma yake.

Lala salama, Mama. Jumatatu tunaanza kuhamisha vyombo.

Mkweo,
Mama Neema