Swali la Shemeji

Jumanne, 19 Februari

Baridi ya kukata masikio. Lori la maji limewahi — asante Mungu! Tangini yalikuwa yamebaki ya vikombe viwili vya chai.

Bunge limeanza. Nimeweka redio juu ya friji, nikakaa na ushonaji wangu. Leetia, mbunge wetu, kauliza tena: nyumba ya wazee ya kijiji chetu itafunguliwa lini? Imeshajengwa. Vyumba vinane, vitanda bado vimo kwenye nailoni, mlangoni kufuli. Na wazee wetu wanalala Kusini, kwenye miji ya watu wa lugha nyingine, safari ya kubadilisha ndege mpaka usahau ulikotoka. Dada yangu Miali ni mmoja wao.

Waziri wa Afya kajibu. Anamshukuru Mheshimiwa kwa swali lake zuri. Wizara inalifanyia kazi.

Huyo Waziri ni mume wangu.

Nacheka peke yangu nikiandika hivi. Marehemu mume wangu Tulugak aliniacha nikiwa bado binti mbichi. Barafu ilimmeza. Kabla mwaka haujaisha, binamu yake akajifungua mtoto wa kiume, akampa jina Tulugak. Basi, mume wangu karudi. Kwetu jina likirudi, mtu amerudi. Nilimshonea viatu vyake vya kwanza vya ngozi ya sili, mnyama wa bahari yetu ya barafu. Sili wa kwanza kumwinda aliniletea mimi, si mama yake. Leo anavaa tai, lakini akipiga simu bado ni, "Mke wangu, u mzima?" Nami namjibu, "Mume gani wewe, hata samaki huleti!"

Nampenda. Ila maswali anayajibu kama mtu anayeteleza kwenye barafu — haanguki, na hafiki.

Jumatano, 20 Februari

Leetia tena. Swali lile lile, maneno yale yale, sauti ile ile ya chini. Safari hii Waziri kaongeza: nesi mkuu hapatikani kwa sababu kijijini hakuna nyumba ya kumlaza.

Dukani, Napatsi wa redio ya kijiji alikuwa anachekesha watu. Eti, "Mbunge wetu anauliza kama anayembembeleza mtoto. Na kweli, Waziri kalala!" Nilicheka na mimi, kisha nikakasirika. Nikamwambia bandubandu huisha gogo. Akanigeukia, "Mama Ulaaju, gogo huku umeliona wapi?"

Mshenzi. Lakini ni kweli, mti wa karibu mpaka upande ndege.

Ijumaa, 22 Februari

Simu kutoka Kusini. Mhudumu wa nyumba anayokaa Miali, na mkalimani kwenye laini.

Siwasemi vibaya watu wale. Wanamwosha, wanamsuka nywele. Mimi nilishindwa. Alipoanza kutoka nje alfajiri bila koti, na nyonga zangu hizi za kumkimbiza — nilishindwa, nikatia saini aende. Lakini leo wanasema amezidi kuchanganyikiwa. Kivipi? Walimuuliza leo ni siku gani, akawajibu, "Waulizeni waliofunga mapazia." Nikacheka. Wao hawakucheka.

Halafu lile kubwa. Huwa wanawawashia wazee wetu televisheni waone Bunge la nyumbani. Miali kamwonyesha kidole Waziri wa Afya, kasema, "Yule ni shemeji yangu." Kila siku anasema. Wamemweleza kwa upole kwamba shemeji yake alikufa kabla kijana yule hajazaliwa. Akawajibu, "Ndiyo. Ndiye huyo huyo."

Kwa hiyo wanataka kumpandisha juu, wodi ya mlango wa kufunga. Akishaingia huko, hata nyumba yetu ifunguliwe, harudi. Yetu haichukui wagonjwa wa wodi ile. Wataamua mwisho wa mwezi.

Nilipiga kelele: lakini ni kweli! Ni shemeji yake! Mkalimani ni kijana wa kwetu, akashusha sauti. "Najua, mama. Nimewaambia. Wanasema wanaheshimu mila zetu. Lakini bado wameandika kwamba amechanganyikiwa."

Nimelia. Kisha nikakaanga mkate, maana mikono haikutaka kutulia.

Jumamosi, 23 Februari

Leetia kapiga simu kutoka mji mkuu. Kazaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa, ananiita shangazi. Nikamwambia yote.

"Shangazi, niruhusu niliulize hilo Bungeni."

"Lipi?"

"Kama yeye ni shemeji yake Mama Miali."

Nikamwuliza ana akili timamu kweli. Akasema, taratibu kama kawaida yake: akikana, amemkana marehemu mwenye jina lake. Akikubali, Mama Miali hana wazimu wowote, na serikali inataka kumfungia shemeji wa Waziri wake. "Simtegi, shangazi. Namuuliza tu."

Nikamwambia nitafikiri. Yule mtoto! Na mimi nilidhani ni mpole.

Jumapili, 24 Februari

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia.

Tulugak akiwa mdogo alivunja dirisha langu kwa jiwe. Mama yake akainua mkono. Nikasimama katikati: mume wangu hapigwi! Mtoto mwenye jina la mtu hakemewi — unamkemea na aliyekufa. Sijawahi kumpa neno kali maisha yake yote. Leo nimwache aulizwe mbele ya dunia nzima, redioni, kwa kinywa changu?

Lakini Miali ndiye aliyenilea mama alipokufa. Alinitafunia nyama. Alinibeba ndani ya koti lake mpaka miguu yangu ikawa inagusa magoti yake.

Mficha uchi hazai. Nimempigia Leetia. Nimemwambia: uliza. Na uwaambie chumba cha nesi kipo kwangu, bure, kile cha Miali. Waache kisingizio.

Jumanne, 26 Februari

Nitaandika yote, lolote lisinipotee.

Napatsi aliahirisha bingo, ule mchezo wake wa kadi za namba redioni, ambao mshindi hupaza jina lake. Bingo! Kaahirishiwa nani tangu dunia iumbwe? Katangaza redioni, "Leo tunacheza na Waziri. Kaeni na kadi zenu." Kijiji kizima kimya, hata pikipiki za theluji sikuzisikia.

Leetia kasimama. Kasema kuna mama wa kijiji chetu anayelala Kusini. Kamtaja Miali kwa jina, kwa ruhusa yangu. Kasema mama huyo anaambiwa amechanganyikiwa kwa sababu anadai Waziri wa Afya ni shemeji yake. Kisha, kwa sauti ile ile ya kubembeleza:

"Mheshimiwa Spika, Waziri anaweza kulieleza Bunge hili, ni kweli au si kweli?"

Nikaipiga redio kofi, nikidhani imekufa.

Halafu sauti yake. Si ile ya wizara — ile ya nyumbani, ya kuombea mkate wa moto.

"Mheshimiwa Spika, ni kweli. Mimi ni Tulugak. Niliitwa jina la mume wa mdogo wake. Mama Miali ni shemeji yangu, na amenijua kupitia televisheni, mbali kote huko. Kama huo ni wazimu, basi Bunge zima hili limechanganyikiwa."

Wakapiga makofi! Nami nikapiga, peke yangu jikoni, sindano ikanichoma.

Leetia hakupiga makofi. Kaomba swali la nyongeza. Kamshukuru Waziri. Je, yule shemeji akimkuta Mama Miali nyuma ya mlango uliofungwa, atamwambia wizara inalifanyia kazi?

Watu wakaguna. Waziri akasema, "Hapana. Sitamwambia hivyo."

Nyongeza ya pili: chumba cha nesi kimepatikana, mwananchi amejitolea. Sasa nyumba itafunguliwa lini? Waziri akaanza, "Wizara—" akakatisha. Mwenyewe! Hakuna aliyemkatisha.

"Kabla ya Pasaka," akasema.

"Na Mama Miali?"

"Atakuwa amelala humo kabla ya Pasaka."

Namshukuru Mungu kwa yule binti. Namshukuru mama aliyemfundisha kusema polepole. Wabunge wa kufoka tumeshawahi kuwa nao, na kufuli halikutikisika. Napatsi karudi hewani akasema neno moja tu, "Bingo!"

Jumatano, 27 Februari

Simu asubuhi. Nilijua ni yeye, nikaiacha ilie kidogo kwa woga.

"Mke wangu."

"Abee."

"Umenivua koti mbele ya watu."

Nikajikaza. "Ulikuwa umevaa makoti mengi mno," nikamwambia.

Ndilo neno kali la kwanza nililowahi kumpa. Akacheka mpaka akakohoa. Kasema ameshaongea na Kusini. Miali hapandishwi wodi ya juu, wamekubali kungoja. Kasema pia kwamba faili ile ya nyumba yetu ilikuwa mezani kwake muda wote, na alikuwa anasaini majibu anayoandikiwa bila kuwaza ni nani analala wapi. "Leetia aliponitajia jina la Mama Miali, nikamwona," akasema.

Nikamwambia alete samaki.

Ijumaa, 29 Machi

Kufuli limekatwa! Ufunguo haukuonekana — ofisi inasema uko kijijini, kijiji kinasema uko ofisini. Napatsi kalikata kwa msumeno huku watu wanashangilia utadhani anachuna nyangumi.

Nesi kafika. Anaitwa Rhoda, wa kijiji cha upande wa pili wa ghuba, anaongea kama sisi. Kalala chumba cha Miali. Anaacha viatu njiani na anakula kama mtu anayejenga nyumba. Nimemzoea siku ya kwanza.

Wanawake tumeshona mapazia. Nikasema yawe mepesi, yapitishe mwanga. Miali asije akawauliza tena nani kayafunga.

Jumatano, 17 Aprili

Bomba limeishiwa joto upande mmoja wa nyumba ya wazee. Fundi kaja, karekebisha, kaondoka, limeishiwa tena, karudi. Pasaka ni Jumapili hii.

Leetia kapiga. Anamwandikia Waziri kila asubuhi, swali moja: leo kimefanyika nini? Naye anajibu kila jioni. Juzi kamwuliza nani atamsindikiza Mama Miali kwenye ndege, maana hajui lugha ya Kusini. Jibu: "Shemeji yake."

Kaenda mwenyewe! Yuko huko sasa hivi. Wazee wengine watafuata baada ya Pasaka, ameandika, na Leetia ameiweka hiyo barua pazuri.

Ningemshukuru mume wangu, ila mwanamume akisifiwa mapema hulewa.

Jumamosi, 20 Aprili

Dhoruba tangu jana. Nyumba ya jirani siioni.

Walipaswa kutua leo adhuhuri. Ndege imewafikisha kituo cha kubadilishia, ikakataa kuendelea. Wapo huko, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Kesho Pasaka. Watu wanampigia Napatsi: je, Waziri amevunja ahadi au upepo ndio umeivunja? Napatsi kasema swali hilo lipelekwe Bungeni.

Bomba linashika joto. Kitanda kimetandikwa. Blanketi lake la zamani nimelipasha.

Tulugak kapiga saa hii. Nikamuuliza Miali anaendeleaje.

"Ananigombeza tangu tupande ndege," akasema. "Eti nilimwacha juu ya barafu nikamfuata sili. Mke wangu, mimi hilo nililifanya?"

Nikakaa chini. Nilikuwepo siku hiyo. Majira ya kuchipua, ufa umefunguka kwenye barafu, na Tulugak wangu kakimbilia sili kamwacha Miali upande wa pili, analia kwa hasira. Alimrudia. Lakini kumwomba radhi hakuwahi — alisema atamwomba kesho yake, siku zote kesho yake, mpaka barafu ikamchukua.

"Ulilifanya," nikamwambia.

"Nilidhani hivyo. Nimeshamwomba radhi."

"Kasema nini?"

"Kasema, mara hii usiniache."

Akaendelea: mji mkuu wanamtaka kesho kwenye kikao cha dharura, kuna ndege ya kwenda huko hapo nje, hiyo inaruka. Amewaambia haendi.

Nikaomba niongee na Miali. Nikasikia simu inahamishwa, pumzi yake, ile pumzi ninayoijua.

"Miali. Ni mimi, Ulaaju."

"Ulaaju yupi?"

Nikasema mdogo wako. Nikasikia anamrudishia Tulugak simu, na sauti yake ikiwa mbali, sauti ya amri, sauti iliyonilea:

"Mwambie mkeo abandike birika. Tumechoka na safari."

Tulugak akaanza kumweleza habari ya upepo. Nikamwambia mwache. Mwambie nimesikia.

Rhoda katoka chumbani kuuliza chai ya nani saa hizi. Nikamwambia ya wageni. Akasema ndege haijaruka. Nikamwambia najua.

Birika liko motoni. Nimetoa vikombe vitatu.