Shikamoo ya Kukaa

Mgwashi, Alhamisi

Dada Saumu,

Shikamoo. Huku chai imechipua baada ya mvua, shemeji yako Faraji anashinda shambani akichuma, na yule mbuzi uliyetupatia amezaa mapacha.

Najua habari zimekufikia huko Magoma kwamba nina kiburi, namwamkia mama mkwe nikiwa nimekaa. Ni kweli, nilikuwa nakaa. Kila nikisimama moyo unaenda mbio, naona giza. Nikikaa au nikilala unatulia kabisa. Hospitali wamenipima mara mbili, hawajaona kitu. Nyumbani sikumwambia mtu. Nani angeniamini, na mwili huu ulivyonawiri?

Juzi mama mkwe alisimama mlangoni, hatua moja tu kutoka mkekani nilipokaa, akasema, "Kwenu ndivyo mlivyofundishwa?" Dada, nilikasirika. Nikamvuta mkono, nikauweka kifuani kwangu. "Shika hapo hapo, mama." Moyo ulikuwa unapiga taratibu. Kisha nikasimama.

Ukaanza kukimbia chini ya kiganja chake kama mtu anayepanda mlima na gunia la majani ya chai, na mimi sijainua hata mguu. Mama akatoa macho. "Wewe umesimama hapa," akanong'ona, "huo moyo unaenda wapi?" Hakuutoa mkono. Na mimi niliyekuwa nikiuogopa moyo huo, siku hiyo nikaustaajabia pamoja naye.

Jana asubuhi nilimsikia anakuja, nikajikaza niinuke. Kabla sijainuka, alikuwa ameshakaa chini mkekani, mbele yangu, anasubiri shikamoo yake.

Mdogo wako,
Zakia